Pazia la Mtoto si la Mgeni

Wanangu mlioanza maisha juzi, ninyi wa vyumba viwili vya kupanga Makanyagio hapa Mpanda na ninyi mliopaua nyumba zenu wenyewe kule Nsemulwa na Kawajense, nina neno nanyi juu ya dirisha la chumba cha mtoto. Riziki yangu imetoka kwenye cherehani, na mtu anayeshinda nyuma ya cherehani huona mengi. Anayeshonewa wa kwanza siku zote ni mgeni. Linaletwa pazia la sebuleni, zito, la rangi mbili, lenye ringi zinazong'aa. Fedha ikibaki ndipo mtoto anakumbukwa. Ikibaki kidogo anarithishwa pazia lililochakaa, na isipobaki kabisa anapigiliwa shuka kwa misumari minne.

Sisemi kwamba shuka ni aibu. Mtaona mbele kwamba shuka likishonwa vizuri hulishinda hilo la sebuleni. Ninalosema ni kwamba mgeni hunywa chai akaenda zake, na mtoto hulala pale usiku kucha. Kwa hiyo fedha ya dirisha la mtoto ina foleni yake, nayo naomba muishike: mbele husimama wavu, unafuata mtundiko, kisha kitambaa, na urembo huja mwisho. Anayevuruga foleni hiyo hununua mara mbili.

Tuanze na wavu. Mbu wa malaria huuma usiku, na pazia halimzuii hata likiwa zito kiasi gani, kwa sababu hupita pembeni na juu. Zamani watafiti walijaribu kweli kutumia mapazia dhidi ya mbu. Burkina Faso, miaka ya 1990, yalitundikwa milangoni na madirishani mapazia yaliyotiwa dawa, na vifo vya watoto vikapungua. Lakini ilikuwa ile dawa iliyofanya kazi, na dunia baadaye ikaelekeza nguvu kwenye chandarua kinachomfunika mtoto mwenyewe. Ndiyo maana mama mjamzito hupewa chandarua kliniki, na mtoto naye hupewa chake anapochanjwa surua akiwa na miezi 9. Kama dirisha la mtoto halina wavu, au wavu umetoboka pale mkono unapopita kufungua kioo, basi fedha ya kwanza iende hapo. Wavu hupimwa kwa mita, na seremala huubana kwa vipande vyembamba vya mbao. Kazi ya asubuhi moja.

Na hapa pana jambo ambalo vijana wengi hamlioni. Pazia zito lililofungwa usiku kucha huziba upepo. Chumba kina bati juu, kuta zimeshinda zikipigwa na jua, hewa haipiti. Mtoto anatokwa jasho, anapiga teke chandarua, anasukumia mguu nje, na mbu aliyeingia mlangoni jioni anapata alichokuwa akikitafuta. Pazia jepesi linalopitisha hewa humsaidia mtoto akae ndani ya chandarua chake. Kabla hujasifu uzito wa kitambaa, jiulize mwanao atapumuaje chini yake mwezi wa kumi.

Sasa toka nje ulitazame dirisha. Linaelekea wapi? Swali hili halina gharama yoyote na ndilo litakalokuokolea fedha nyingi. Saa zetu za Tanzania zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, mstari ambao hata Dar es Salaam haijaufikia. Sisi wa Mpanda tuko karibu na nyuzi 31. Kwa hiyo jua hutufikia kama nusu saa baada ya Dar es Salaam. Huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika kadhaa, kutegemea mwezi, na jioni hutuaga kwa kuchelewa vilevile. Nawaona mnavyotazama kwenye simu mapazia mazito meusi ya kuzuia mwanga wa alfajiri. Hayo ni ya nchi ambako kiangazi jua hutoka watu wakiwa bado kwenye usingizi mzito. Mwanafunzi wa Mpanda anayetakiwa kuamka saa 12 asubuhi huamka gizani. Ukimwongezea giza, umemwongezea uzito wa kuamka, na ukimpatia mwanga mdogo wa mashariki umempa msaidizi.

Dirisha la kututaabisha ni la magharibi. Jua la alasiri huingia kwa upande, linapiga kitanda, linapiga ukuta, na ukuta huutoa joto lile hadi usiku. Septemba na Oktoba, kabla mvua za Novemba hazijaanza, chumba cha namna hiyo hakikaliki. Hapo ndipo panapostahili kitambaa kizito kidogo, chenye rangi nyeupe au ya krimu upande unaotazama kioo ili kirudishe mwanga nje. Na kifungwe kuanzia saa 8 mchana, jua likianza kugeuka, si saa 11 chumba kikishapata moto. Dirisha la kaskazini au la kusini, lenye paa lililochomoza vizuri, linahitaji kitambaa chepesi tu. Nyumba moja inaweza kuwa na madirisha mawili yenye mahitaji mawili, kwa hiyo usikubali kuuziwa seti.

Baada ya kuelewa dirisha, lipime. Msinijie na maneno ya dirisha la kawaida, maana mafundi wetu kila mmoja ana kawaida yake, na kuanzia Mishamo hadi Usevya utakuta matundu ya kila aina. Chukua futi kamba ya fundi nguo, pima upana na urefu kwa sentimita, halafu ongeza. Pande mbili ongeza kama sentimita 12 kila upande ili mwanga usipenye pembeni. Juu ongeza kidogo na chini shubiri moja isiyojaa. Upana wa kitambaa uwe mara moja na nusu ya upana huo ili pazia likifungwa libaki na mikunjo. Mara mbili ni ya sebuleni. Mara moja tupu linakuwa shuka lililotandazwa ukutani.

Nikupigie hesabu ya dirisha la futi 4 kwa 4, ambalo naliona sana. Kila upande ni sentimita 122. Ukiongeza za pembeni, mtundiko unafika 146, na mara moja na nusu yake ni 219. Sasa chukua doti ya kanga. Kanga moja ina kama sentimita 150 kwa 110. Zisimamishe zote mbili, ile 150 iende chini. Upana wa mbili ni 220, na urefu wa 150 unakutosha kufunika dirisha, kubaki na ziada juu na chini, na kupinda pindo. Doti moja ya kanga imekaa kwenye dirisha hilo kana kwamba ilipimwa kwa ajili yake. Ila maneno yake yatasimama wima, na mtoto anayejifunza kusoma atapinda shingo kuyafuata. Kwa hiyo yasome wewe kwanza. Kanga nyingine zina vijembe vya kumpasha mke mwenza, na hicho si kitabu cha chumbani kwa mtoto.

Vile vitambaa vya mapazia vinavyotoka Kariakoo vina upana mkubwa, vingi ni sentimita 280, kwa sababu vimekusudiwa madirisha ya kufika sakafuni. Muuzaji atakukatia mita tatu kwa mazoea. Mwambie akate mita moja na robo. Ukiigawa ile 280 katikati unapata vipande viwili vya urefu wa 140 na upana wa 125 kila kimoja, jumla 250, na dirisha lako la futi 4 limekwisha. Kwa nyumba zenye vidirisha vidogo vya futi mbili, hata mita nzima ni nyingi.

Kuhusu kitambaa chenyewe, usisikilize jina analokutajia muuzaji. Chomoa uzi mmoja kwenye ukingo, toka nao nje ya duka, uwashe kwa kiberiti. Uzi wa pamba huwaka kwa harufu ya karatasi iliyoungua na kuacha jivu linalopukutika vidoleni. Uzi wa polista hujikunja, huyeyuka, na ukipoa huacha kishanga kigumu cheusi. Ukipata jivu lenye chembe ngumu ndani, kitambaa kimechanganywa. Pamba hupitisha hewa na hunywa jasho la chumba, ila husinyaa, kwa hiyo iloweke na kuianika kabla ya kuileta kwa fundi, la sivyo pazia litapanda juu ya kingo baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Polista haisinyai, hukauka upesi wakati wa masika, na rangi yake hustahimili jua. Kwa dirisha la mashariki polista nyepesi si mbaya. Kwa dirisha lililo karibu na kitanda na taa, nachagua pamba, na sababu nitaisema.

Pamba inalimwa hapahapa mkoani kwetu Katavi, inapakiwa na kuondoka, kisha tunainunua ikirudi kama kitambaa kwa bei ya watu wote ambao mikono yao imeigusa njiani. Ndiyo maana nawapeleka kwenye mitumba bila haya. Shuka la mtumba la kitanda kikubwa, la pamba, lina kitambaa kingi kuliko pazia jipya la bei ileile, na pindo zake tayari zimeshonwa. Fundi hukata katikati, hupinda juu, basi. Pazia la mtumba nalo ni zuri, mengi huja na bitana nyuma. Lakini kagua. Lishike likitazama jua uone matundu. Tafuta mstari uliopauka, hapo ndipo lilipokuwa likipigwa na jua huko lilikotoka. Shika pande mbili za mstari huo kwa vidole gumba uvute. Likitoa sauti ya kuchanika, lirudishe, hata likiwa limepambwa namna gani, kwa kuwa jua huozesha nyuzi kabla jicho halijaona. Ukilinunua, lifue kwa maji ya moto na kulianika juani siku nzima kabla halijaingia chumbani.

Na mwenye kutaka giza kwa ajili ya mtoto mchanga anayelala mchana, kuna kaniki. Ishone nyuma ya kitambaa cheupe, kaniki itazame ndani na cheupe kitazame kioo. Ifue peke yake kwanza mpaka maji yatoke bila rangi. Majirani wakinong'ona kwamba umeanza uganga, waache wanong'one, mtoto wako amelala.

Sasa mtundiko, ambao vijana huutafutia fedha mwisho kabisa, na ndio unaoumiza. Mtoto huvuta pazia. Huning'inia, hujizungushia, hucheza kujificha. Bomba zito la chuma lililochomekwa kwenye plasta badala ya tofali litamwangukia kichwani. Mwambie fundi atoboe mpaka afike kwenye tofali lenyewe, na ukimaliza shika bomba kwa mikono miwili uvute kwa nguvu za mtoto wa darasa la pili. Likicheza, halijashika. Kwa pazia jepesi, ule waya wa springi wenye kulabu mbili unatosha, na ukivutwa sana kwa kawaida hufunguka wenyewe. Wapangaji ambao mwenye nyumba hataki kusikia habari ya drili, kulabu mbili kwenye fremu ya mbao zinawatosha. Pazia liishie chini kidogo ya kingo ya dirisha, lisiburute sakafuni. Linaloburuta huzoa vumbi, hukanyagwa, na huwapa nge maficho.

Juu ya kamba nitasema kwa ukali. Siku hizi yanaingia yale mapazia ya vipande vya plastiki kama ya ofisini, yanayopandishwa kwa kamba iliyofungwa mviringo. Msiyaweke chumbani kwa mtoto. Marekani, mamlaka yao ya usalama wa bidhaa inataja kwamba watoto wapatao 9 wa umri wa miaka 5 na chini hufa kila mwaka kwa kunyongwa na kamba za aina hiyo, na viwanda vimeanza kutengeneza yasiyo na kamba zinazofikika. Ulaya kanuni zao zinataka kitanzi kisishuke chini ya mita 1.5 kutoka sakafuni. Wenzetu wanapoyaacha, hayo ya zamani huenda yakatafuta soko kwingine, na kwetu yakaja kwa bei nzuri. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata utepe wa kufungia pazia la kawaida ukiwa mrefu ni kitanzi, kwa hiyo ushonwe mfupi wenye kifungo. Na kitanda kisogezwe mbali na dirisha, maana mtoto aliyesimama kitandani ameshafika kwenye kamba, kwenye nondo na kwenye kioo.

Moto nao. Waliokulia hapa wanakumbuka miaka mingi ya majenereta ya TANESCO, mshumaa ukiwa sehemu ya vyombo vya kila chumba. Umeme hukatika hata leo, na vijijini bado kuna vibatari. Upepo ukiingia, pazia hutembea, na hutembea mbali kuliko unavyodhani. Pamba hushika moto haraka. Polista huyeyuka, na tone lake likimdondokea mtoto hunata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Ndiyo sababu nilisema karibu na kitanda nachagua pamba, lakini jibu hasa ni kuuondoa moto chumbani. Fedha uliyookoa kwa kununua mita moja na robo badala ya tatu, ongezea kidogo upate taa ndogo ya sola kwa ajili ya mtoto.

Jambo la faragha, hasa kwa wenye mabinti. Mchana pazia jepesi hukuficha, kwa kuwa nje kuna mwanga kuliko ndani. Usiku taa ikiwaka mambo hugeuka, wa nje huona kila kitu na wa ndani haoni lolote. Msiamini kitambaa kwa macho ya dukani. Usiku wa kwanza, mama asimame chumbani taa ikiwa imewashwa, baba atoke mpaka njiani atazame. Akiona kivuli chenye umbo, ongezeni kitambaa cha pili cha kufungwa jioni tu. Na pazia lisiwe kisingizio cha kuacha nguo, begi la shule au simu juu ya meza ya dirishani. Vibaka hawahitaji kuingia ndani, huingiza kijiti chenye kulabu kati ya nondo wakavua walichokusudia wakati mmelala.

Rangi na picha nimeziacha mwisho kwa makusudi, na sitakaa hapo sana. Vumbi letu la kiangazi ni jekundu. Nyeupe tupu itakuchosha kufua, rangi nzito hupauka dirisha la magharibi, kwa hiyo njano ya kupauka, kahawia hafifu au kijani cha majani makavu hukaa vizuri. Mtoto akitaka picha za katuni, usimkatalie na usimnunulie mita nzima. Katuni anayoipenda akiwa na miaka 4 ataionea haya akiwa na miaka 8. Nunua kipande cha nusu mita, nishone mfuko mmoja chini ya pazia, naye atatia humo vitu vyake. Siku akichoka nitaufumua mfuko, pazia litabaki. Tena mwache achague, lakini achague kati ya vitambaa viwili ambavyo wewe umeshavipima kwa mambo yote niliyosema.

Kufua ni sehemu ya bei. Kuanzia Mei mpaka Oktoba, pazia la mtoto likung'utwe nje kila wiki na kufuliwa kila mwezi, na kama ana pumu au kikohozi kisichoisha, mara mbili. Masika tazama ukungu kwenye pindo la chini. Pazia ambalo huwezi kulifua kwa beseni na kulianika kwenye kamba ya uani likakauka kabla ya magharibi, si la chumba hicho, hata ukipewa bure.

Mwisho nawaambia juu ya mikopo. Nimeshona mapazia mengi yaliyonunuliwa kwa fedha ya kikoba, na sina neno na kikoba. Lakini mtu asichukue kausha damu kwa sababu ya kitambaa, wala asikubali mali kauli ya machinga hali hajui atamlipa kwa mavuno gani. Dirisha lenye wavu mzima na shuka safi la mtumba halimdai mtu chochote. Mkilazimika kusubiri mwezi, subirini. Mtoto hatadhurika kwa kukosa pazia mwezi mmoja kama wavu na chandarua vipo.

Basi leo jioni shikeni futi kamba. Andikeni upana wa dirisha, andikeni urefu, na chini yake andikeni linatazama upande gani wa jua. Ndipo mwende soko la Buzogwe au Soko Kuu na karatasi hiyo mkononi, muulize bei ya mita, si bei ya pazia. Muuzaji akitaka kuwakatia zaidi, msomeeni namba zenu.